Nywele Zinazoitwa Ngumu

Msusi alichomeka kitana katikati ya kichwa changu akavuta, kitana kikagoma. Akavuta tena. Nikasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kinachokatika, na nyuma yake mwingine. "Dada, nywele zako ngumu," akasema. Kisha akazitenga kwa vidole, akaiona ngozi ya kichwa, akaongeza: "Halafu chache."

Ilikuwa Juni 2021, kwenye saluni moja hapa Dodoma mjini. Maneno yale mawili ninayo mpaka leo. La pili lilikuwa kweli tupu. La kwanza lilikuwa uongo, na uongo ule ndio ulioninyang'anya nywele za pembeni.

Tumelizoea mno neno hili. Nywele za kipilipili ni ngumu, za singa ni laini. Mtoto anazaliwa leo, kesho shangazi anampapasa kisogo na kutoa hukumu. Lakini kilicho kigumu ni kazi ya kuzichana, unywele wenyewe hauna ugumu wowote. Unywele wa kipilipili umejikunja na kujisokota toka kwenye ngozi hadi nchani, na kila ulipojipinda ndipo penye udhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka kirahisi kwenye unywele ulionyooka. Kwenye wetu hukwama njiani, ncha zikabaki kavu. Ndiyo maana nywele za aina yetu hukatika upesi kuliko zote. Sasa kitu ukishakiita kigumu, mkono unakwenda wenyewe kukitumia nguvu. Mama anamkalisha binti kati ya magoti, anavuta, binti analia, anaambiwa atulie kwa sababu nywele zake ni ngumu. Nilikaa kati ya magoti hayo na mimi.

Zangu zina mambo mawili zaidi, na watu huyachanganya. Kwanza ni nyembamba, yaani unywele mmoja mmoja ni mwembamba. Pili hazijajaa, yaani kwa idadi ni chache. Si kitu kimoja. Dada yangu ana nywele nyembamba kama zangu lakini zimejaa, akizifungua huioni ngozi. Kuna jirani yangu hapa mtaani Nkuhungu mwenye nywele chache lakini kila mmoja mnene kama uzi wa kushonea viatu, na zake zinavumilia mambo ambayo zangu zingelala chini siku ya kwanza. Ukitaka kujua zako, chukua unywele mmoja uliobaki kwenye chanuo, ulaze kwenye karatasi nyeupe kando ya uzi wa cherehani. Uzi ukionekana kama kamba na unywele kama kivuli chake, zako ni nyembamba. Kuhusu kujaa, zitazame zikiwa kavu kabla hujazipasua njia. Ngozi ikionekana bila kutafutwa, hazijajaa. Kichwa cha mtu mzima hukadiriwa kuwa na nywele laki moja hivi, na sisi Waafrika kwa kawaida tuko chini ya hapo kidogo. Kwa hiyo uchache peke yake si ugonjwa. Ningependa sana wasusi wetu walijue hilo kabla ya kusema "halafu chache" kwa sauti ile ya kutoa pole.

Kwa nini nilifika umri ule bila kujijua? Nilisoma shule za serikali, Tanga, na kama wasichana wengi nilinyolewa tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha sita. Nimetoka shule nina miaka 20, nywele zangu ni mgeni kwangu. Sijui zinaota vipi, zinapenda nini, zinachukia nini. Tukimaliza mitihani tu, moja kwa moja saluni, dawa. Baadhi ya dawa hizo za kunyoosha zina kostiki soda, ileile wanayochemshia sabuni, na kazi yake ni kuvunja viungo vilivyomo ndani ya keratini ambayo ndiyo unywele wenyewe. Unywele mnene ukivunjwa hivyo bado hubaki na kitu. Wangu ulibaki utando. Miaka minane niliweka dawa kila baada ya miezi miwili au mitatu na nywele hazikuwahi kupita mabega. Mwaka 2019, ofisi yetu ilipohamishiwa Dodoma, nilikata zote zikabaki kama sentimita mbili, nikapanda basi.

Nilidhani nimeanza upya. Kumbe nilikuwa nimehamia mahali ambapo hewa nayo ina maoni yake.

Anayetoka pwani hawezi kulielewa hili mpaka likae kichwani mwake. Tanga ukiamka asubuhi nywele zimeshakunywa unyevu wa usiku. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kuanzia Mei mbingu inafungwa. Julai usiku kuna baridi ya kweli, na mchana upepo unaanza, ule wa kubeba vumbi jekundu na kuliweka mezani, kwenye vikombe na kwenye nyusi. Mafuta ya maji yenye gliserini niliyokuja nayo kutoka Tanga, ambayo kule yalinifaa sana, huku yaliniacha na nywele zinazonata kwa nje na kavu kwa ndani. Gliserini kazi yake ni kuvuta maji, na hewa ya Agosti ya Dodoma haina maji ya kuvutwa.

Halafu maji ya bombani. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka kwenye visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na ni maji yaliyokaa ardhini na madini yake. Birika langu lina utando mweupe ambao nausugua kila mwezi. Ukifua na sabuni ya mche, povu linakuja kwa shida na beseni linabaki na uchafu wa kijivu unaoelea. Uchafu ule ni sabuni iliyoshikana na chokaa ya maji. Nilikuwa naosha nywele kwa sabuni ya mche, kama nilivyolelewa, na ule utando ulikuwa unalala juu ya kila unywele. Nikawa nazilaumu nywele kwamba ni kavu na ngumu. Kumbe zilikuwa zimevaa chokaa.

Nirudi kwenye kile kiti cha saluni.

Nilikuwa nimekwenda kusuka rasta ndefu za kiunoni. Nywele zangu wakati ule zilikuwa na sentimita 15 hivi zikinyooshwa, na nilizichoka. Nilitaka zipumzike, ndivyo watu wanavyosema: suka rasta, nywele zipumzike. Msusi aliona uchache akaamua kuufunika, akaongeza pakiti juu ya pakiti mpaka saba. Nilikaa kwa muda wa saa nane. Usiku ule sikuweza kulalia upande wowote, na asubuhi kwenye paji la uso pameota vipele vidogo vyeupe, kimoja kwa kila mzizi. Nilimpigia. "Kawaida hiyo dada, vumilia siku tatu, zitalegea." Nikameza dawa ya maumivu nikavumilia. Nilivumilia wiki tano, kwa sababu nilikuwa nimelipa hela nyingi na kwa sababu kila mtu ofisini alinisifia.

Nilipofumua, rasta za pembeni ziliondoka na nywele zangu. Hazikukatika katikati, zilitoka na kile kitone cheupe cha mzizi. Juu ya sikio la kushoto pakabaki peupe, upana wa vidole vitatu.

Daktari wa ngozi alipaangalia kwa lenzi kwa muda mrefu. Alinieleza kwa upole kwamba kuvutwa kunaua nywele kwa awamu. Mwanzoni shina linaudhika na kuachia unywele, na ukiacha kulivuta, linarudi kazini. Ukiendelea miaka na miaka, mahali pa shina panajengeka kovu, na kovu halioti kitu. Akauliza kama niliumwa siku niliposukwa. Nikasema ndiyo. "Basi yale maumivu ndiyo yalikuwa yanakwambia," akasema.

Msomaji wangu, kama kuna jambo moja nataka ulichukue humu ni hilo. Ukisukwa ukaumwa, fumua. Siku hiyo hiyo, hata kama msusi amekasirika. Kwa sisi wenye nywele nyembamba ni zaidi: unywele mmoja hauna nguvu ya kubeba rasta inayouzidi uzito mara nyingi, na kwa kuwa ni chache, hakuna jirani wa kumsaidia mzigo. Kufunika uchache kwa rasta nyingi ndiyo njia ya haraka ya kuzidi kuwa nazo chache.

Yaliyofuata sikujifunza kwa mtu mmoja. Mengine nilisoma, mengine nilijaribu nikakosea, na moja, kubwa kuliko yote, lilitoka jikoni kwa mama mkwe, kule Mvumi, mkoani hapa hapa.

Tulikwenda kumsalimia, mbukwa mbukwa kwa salamu ya Kigogo, tukakaribishwa. Alikuwa anapika mlenda. Mgeni wa Dodoma lazima ajifunze mlenda, na mimi wakati ule nilikuwa bado najifunza. Alinyanyua mwiko, ule utelezi ukateremka uzi mmoja mrefu usiokatika, ukarudi chunguni taratibu. Nikakaa kimya nikiutazama. Nilichokuwa nakikosa kwenye kuchana nywele kilikuwa kile kile, kitu cha kuteleza kati ya unywele na unywele ili fundo lifunguke bila kuvutwa. Nilipomwambia, alinitazama vizuri. "Mwanangu, mlenda unaliwa." Lakini alinyamaza kidogo, kisha akasema bibi yake alikuwa akiwaoshea watoto kichwa kwa maji ya majani yenye utelezi, ila hakukumbuka ni majani gani.

Mimi natumia bamia, kwa sababu sokoni Majengo hazikosekani. Bamia sita au saba, nazikata vipande, nachemsha kwa vikombe viwili vya maji mpaka maji yawe mazito, nachuja kwa kitambaa chepesi yakiwa bado ya moto, maana yakipoa hayachujiki. Najipaka kichwa kizima baada ya kuosha, nywele zikiwa zimeloa. Natenga mafungu manane, kila fungu nalishika juu karibu na ngozi ili mvuto usifike kwenye shina, halafu naanza kwa vidole kutoka nchani kupanda juu. Chanuo la meno mapana linakuja mwisho, na siku nyingine haliji kabisa. Kazi hii zamani ilinichukua dakika kumi na konzi ya nywele zilizokatika. Sasa inanichukua saa nzima, na zinazobaki mkononi ni zile tu zilizokuwa zinaondoka zenyewe. Kila mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku bila ugonjwa wowote. Ukikaa wiki bila kuchana, zote zinakusubiri siku hiyo, usishtuke. Angalia tu kama zina kile kitone cheupe mwishoni. Zenye kitone zimemaliza muda wao. Vipande vifupi visivyo na kitone ni vya kukatika, na hivyo ndivyo vya kuhesabu.

Maji ya bamia yakikaa yanaharibika. Kwenye friji yanakaa siku tatu, zaidi ya hapo mwaga.

Kuosha ni mara moja kwa wiki, kwa shampuu, sabuni ya mche nimeiachia nguo. Msimu wa mvua nakinga maji ya bati, nikiacha mvua ya kwanza isafishe vumbi la paa, na maji hayo nayatunza kwa ajili ya kusuuzia mwisho. Yakiisha, naweka kijiko kimoja cha siki kwenye lita moja ya maji ya bomba nasuuza nayo, inasaidia kuondoa ule utando. Ndimu tupu kichwani siishauri, ni kali mno. Na wanaojipaka mayai wakitafuta protini, protini ya yai zima ni kubwa, haiingii ndani ya unywele. Kaangeni mle, itafika kichwani kwa njia ya damu.

Kuhusu mafuta nina maneno mengi, nitajizuia. Mafuta ya nyonyo yanasifiwa kila mahali kwamba yanaotesha. Hayaoteshi, yanang'arisha na kuzuia ukavu, na kwa nywele nyembamba ni mazito mno. Yanazilaza zikashikana, ngozi inaonekana zaidi na vumbi la barabarani linanasa. Ya alizeti tunayo kwa wingi kanda hii, lakini nilishaamua kuyaacha kwenye sufuria. Kuna utafiti uliofanyika India ukachapishwa mwaka 2003, uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye unywele. Yanaweza kupenya ndani, mengine yanakaa juu. Kwa hiyo mtoto wa Tanga nimerudi kwenye nazi. Kijiko kimoja cha chai, usiku wa kuamkia kuosha, basi. Julai yanaganda kwenye chupa kama samli, jambo ambalo nyumbani sikuwa nimelizoea. Naiweka chupa kwenye kikombe cha maji ya moto.

Mitindo nimeipunguza. Wiki nyingi ni mabutu, kati ya kumi na nne na kumi na sita, ya nywele zangu mwenyewe. Nilijaribu mabutu makubwa sita, njia zikawa pana, ngozi nje, jua la saa saba likanichoma njia zote saba. Nilijaribu madogo arobaini, yakanichukua siku mbili kuyafumua na yaliniachia mafundo nchani. Pengine jirani ananisuka mistari ya twende kilioni bila rasta, na nimemzoesha kwamba mstari wa mbele kabisa unaanza sentimita moja nyuma ya nywele changa. Anapenda kukaza. Namwambia, "Dada, legeza," naye anasema zitafumuka baada ya siku nne. Zifumuke.

Na uzi. Bibi yangu Tanga alikuwa akitusuka likizo, nywele zikiwa zimeota kidogo, kwa uzi mweusi wa dukani, anazungusha kutoka kwenye ngozi mpaka nchani. Tuliona aibu, tuliona ni ushamba. Leo ndiyo njia yangu ya kuzinyoosha bila draya wala pasi. Nazungushia uzi zikiwa na unyevu kidogo, nalala nazo, asubuhi zimenyooka, hazijifungi mafundo, na hakuna moto uliozigusa. Nikipata nafasi ya kumshukuru kwa kila alilonifundisha, hili lingekuwa la kwanza.

Usiku nafunga kichwa kwa kitambaa cha bitana ya satini ambacho fundi cherehani alinikatia. Kofia nyingine nyembamba ya bitana ile ile inakaa kwenye mkoba, kwa ajili ya bodaboda. Helmeti ya abiria inasugua pembeni za kichwa kwenye kila tuta la barabara, na inavaliwa na vichwa kumi kwa siku. Mapunye yanaambukizwa kwa njia kama hizo. Ukiona kichwani kwa mtoto duara linalowasha, lenye magamba na nywele zilizokatika, usihangaike na mafuta, mpeleke kituo cha afya; mapunye yanahitaji dawa ya kumeza.

Mwaka 2022 nilijifungua binti. Mwezi wa nne baada ya hapo nywele zilianza kutoka kwa kujaa kiganja, zenye kitone zote. Nililia bafuni. Sikujua kwamba mimba huzishikilia nywele zisidondoke kwa wakati wake, na baada ya kujifungua nyingi huingia kwenye mapumziko pamoja, zikaanguka pamoja miezi mitatu hivi baadaye. Kwa wengi hurudi ndani ya mwaka. Kwangu kulikuwa na jingine, damu ilikuwa chini. Kliniki walinipima wakanipa vidonge vya madini chuma. Nisingejua bila kupimwa, na wewe usivinunue kwa kubahatisha.

Sasa urefu, maana ndio wengi mnauliza. Nywele zetu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, mara nyingi pungufu kidogo. Hakuna mafuta yatakayozifanya zikimbie. Tangu 2019 kichwa changu kimetengeneza zaidi ya sentimita 60. Nilizonazo, nikivuta za kisogoni, ni 40. Zile nyingine ziliishia kwenye vitana, kwenye rasta, na kwenye makasi yangu mwenyewe, kwa sababu kila miezi minne nakata ncha kiasi cha nusu sentimita; ncha ya unywele mwembamba ikipasuka, mpasuko unapanda juu. Ukizifikiria hivyo, ncha zangu za leo zilichomoza kwenye ngozi miaka minne iliyopita. Zimepita kwenye viangazi vinne vya Dodoma, mimba moja, na helmeti nisizozijua idadi. Ndiyo maana nazigusa kwa vidole.

Binti yangu sasa ana nywele. Nyembamba kama zangu, bado hatujajua kama zitajaa. Mwezi uliopita tulikuwa Mvumi, mama mkwe amemkalisha kati ya magoti na chanuo mkononi. Chanuo likakwama. Nikaona mkono wake unajiandaa kuvuta, nikainuka. Hakuvuta. Akaliweka chanuo chini, akaniita: "Mama Neema, yale maji yako ya bamia, umekuja nayo?"

Nilikuwa nayo, kwenye chupa ya maji ya kunywa, ndani ya mkoba.

Juu ya sikio langu la kushoto pamebaki peupe upana wa kidole kimoja. Vidole viwili vimerudi, kwa nywele fupi zilizojikunja karibu na ngozi, nyembamba kuliko nyingine zote kichwani. Daktari alisema nisipaguse, nisisuke hapo, nisipapake kitu. Nikifunga nywele, naziacha hizo nje.